Maarifa ya Chama Yawekwe Akiba Kabla ya Kuiuliza Mashine

Somo hili ni kwa wakulima wa skimu za makazi walio bara ya Mombasa, yaani upande wa Likoni, wa Kisauni na wa Changamwe, na hasa kwa wale walio katika vyama vya ushirika au vikundi vya kulima pamoja. Litafaa zaidi likisomwa na watu watano au sita walioketi pamoja, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakiuliza. Mwishoni mna maswali ya kujadiliana.

JAMBO LENYEWE

Siku hizi mkulima aweza kutoa simu mfukoni, akapiga picha ya jani la muhogo, na papo hapo akaambiwa jina la ugonjwa. Aweza pia kuuliza kwa Kiswahili chake cha kawaida, “Mahindi yangu yametobolewa majani, nifanye nini?” naye akapata jibu refu kabla chai haijapoa. Kinachojibu ni akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde. Hiyo ni mashine iliyosomeshwa maandishi na picha nyingi mno, nayo hutunga jibu kwa kufuata mfano wa yale iliyosomeshwa. Mwezi wa Machi 2025 Serikali ya Kenya ilitoa mkakati wa taifa wa akili mnemba wa mwaka 2025 hadi 2030, na kilimo ni miongoni mwa kazi zilizotajwa humo. Basi chombo hiki kimekwisha fika, na vyama vingi vitakitumia.

Chombo ni chema. Lakini yafaa tujiulize: mashine hiyo imesomeshwa nini juu ya shamba lako? Imesoma vitabu vya nchi nyingi, lakini haikusoma daftari la chama chenu, maana pengine daftari hilo halipo. Haijui ni kipande kipi cha skimu yenu hujaa maji mvua ya masika ikizidi. Haijui ni mbegu ipi iliyowaletea hasara miaka mitatu iliyopita. Haijui ni duka lipi liliwauzia mbolea iliyoganda. Mambo hayo yamo vichwani mwa watu wachache, na watu huhama, huzeeka, na hufa.

Taabu hii si ya wakulima peke yao. Hata mashirika makubwa ya mijini, yenye makarani wengi na kompyuta kila meza, hununua akili mnemba kisha yakagundua kwamba faili zake zimechanganyika, kwamba sheria moja imeandikwa namna tatu, na kwamba aliyejua ipi ni sahihi alistaafu zamani. Mashine yao hujibu kwa kutumia karatasi yoyote itakayoikuta, nzuri na mbaya. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutengeneza ghala la maarifa. Mashine ije baadaye.

TUUTAZAME MUHOGO WA AMANI

Hasara ya kutotunza maarifa yaonekana vizuri katika habari ya muhogo.

Katika milima ya Usambara, nchi iliyoitwa Tanganyika, palikuwa na kituo cha utafiti cha Amani. Mtaalamu wa huko, H. H. Storey, mwaka 1936 aliueleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa muhogo uitwao michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu ni mwizi wa kimya. Majani ya chini huonyesha umanjano kidogo kandokando ya mishipa, na mkulima asiyeujua hudhani ni uzee wa majani tu. Anapochimba ndipo anapokuta mizizi ina madoa ya kahawia, migumu kama gome, haifai kuliwa wala kuuzwa.

Toka miaka ya 1930 hadi mwaka 1957 wataalamu wa Amani walichanganya muhogo wa kawaida na jamaa zake wa porini, mmoja wao ukiwa mti ule wa mpira unaofanana na muhogo, ili wapate mbegu yenye kustahimili batobato na michirizi ya kahawia. Kila mbegu waliipa nambari, na mojawapo ilikuwa 46106/27. Vipando vikatawanyika, vikapita mkono kwa mkono, shamba kwa shamba. Mikononi mwa wakulima nambari haikudumu. Yaliyodumu ni majina. Huku pwani ya Kenya muhogo huo ukaitwa Kaleso. Kule kusini mwa Tanzania ukaitwa Namikonga. Baada ya miaka mingi, wataalamu walipochunguza vinasaba, ilithibitika kwamba Kaleso na Namikonga ni mbegu moja, ile ile iliyotoka Amani.

Tazama basi. Wakulima waliupanda muhogo huo kila mwaka, na kwa hiyo mbegu ikaishi. Maelezo yake hayakupandwa na mtu, na kwa hiyo yakafifia. Mkulima wa Namikonga hakuweza kufaidi yale aliyoyaona mkulima wa Kaleso, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ni kitu kimoja. Mashine nayo ingekwama papo hapo. Ikiwa imesoma habari za Namikonga tu, nawe ukaiuliza habari za Kaleso, haitakusaidia mpaka mtu aiambie kwamba majina hayo mawili ni ya mmea mmoja.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa skimu. Katika skimu moja hukaa Mdigo, Mgiriama, Mswahili, Mkamba na Mluhya, na kila mmoja ana jina lake kwa gugu lile lile na kwa mdudu yule yule. Wasipoandika majina hayo pamoja, watabishana mwaka mzima juu ya kitu kimoja, na mashine itawapa majibu matano.

MAARIFA YA CHAMA NI YA NAMNA TATU

La kwanza ni maarifa ya vitabuni: vijitabu vya kilimo, maagizo yaliyo juu ya chupa za dawa, na taarifa za kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko Mtwapa, ng’ambo tu ya daraja ukitoka Shanzu. Mbegu za muhogo kama Tajirika, Karembo na Shibe zilitoka Mtwapa. Haya mashine huenda ikawa imeyasoma.

La pili ni maarifa ya karatasi za chama: risiti, kumbukumbu za mikutano, hesabu ya mavuno, barua za kugawiwa ardhi, bei mlizopata soko la Kongowea mwezi kwa mwezi. Haya mashine haijayasoma, na mara nyingi hata wanachama hawajayasoma, kwa kuwa yamo katika mfuko wa plastiki nyumbani kwa mwenyekiti wa zamani.

La tatu ni maarifa ya vichwani. Mzee wa minazi ajua kwamba chungu wekundu waitwao maji moto, wale washonao majani kuwa viota, ni walinzi wa mnazi, kwa maana humfukuza mdudu afyonzaye nazi changa mpaka zikaanguka. Jambo hilo lilichunguzwa na mtaalamu M. J. Way huko Unguja katika miaka ya 1950, na mdudu mfyonzaji akaitwa kwa jina lake. Lakini kijana akiiuliza mashine, “Nina chungu wakali mtini, niwaondoeje?” huenda akafundishwa namna ya kuwaua, naye akawaua walinzi wake. Kosa haliko katika jibu peke yake. Swali lilikosa maarifa ya mzee.

Kadhalika wazee wa pwani walihesabu siku toka Nairuzi, miongo kwa miongo, kumi kumi, wakajua wakati wa kufyeka na wakati wa kupanda. Na watu wa karibu na bahari wajua kwamba kisima kikivutwa maji kupita kiasi huanza kuingia chumvi. Haya yote ni mali ya chama, sawasawa na ghala au pampu.

HATUA YA KWANZA: CHAGUENI MASWALI

Msianze kuandika kila kitu, mtachoka kabla ya mwezi kwisha. Ketini mkutanoni mwulizane: ni mambo gani yaliyotupotezea fedha au chakula miaka miwili iliyopita? Andikeni maswali yasiyozidi kumi. Kwa mfano: Ni muhogo upi uliozaa bila kuoza katika udongo wetu wa kichanga? Mvua ya kupanda ilianza lini hasa? Ni kisima kipi kilichoingia chumvi, na mwezi gani? Ni mnunuzi yupi aliyelipa kwa wakati? Maswali hayo ndiyo yatakayoongoza daftari. Lisilojibu swali mojawapo lisiandikwe kwanza.

HATUA YA PILI: MCHAGUENI MTUNZAJI

Mchagueni mtu mmoja awe mtunzaji wa maarifa, na mwingine awe msaidizi wake. Yafaa mmoja awe kijana anayejua simu, na mwingine mtu mzima anayejua shamba. Kijana peke yake ataandika upesi mambo asiyoyafahamu, na mzee peke yake atafahamu mambo asiyoyaandika. Wakifanya kazi pamoja, kijana akimwuliza mzee kwa adabu na mzee akijibu bila kumdharau kijana, ndipo kazi itakapoenda.

Mtunzaji asiwe mwenye kuficha. Daftari likikaa chini ya mto wa mtu mmoja, amekuwa bwana wa chama. Liwekwe mahali panapofikika, na kila mwanachama awe na haki ya kulisoma.

HATUA YA TATU: ANDIKENI KWA MPANGO MMOJA

Kila jambo liandikwe kwa mpango ule ule: tarehe, mahali, aliyeona, alichokiona, kilichofanywa, matokeo, na siku ya kutazama tena. Huu ni mfano tu:

Tarehe: 12 Mei. Mahali: shamba nambari 14, upande wa bondeni. Aliyeona: mwenye shamba na mtunzaji. Kilichoonekana: miche 9 ya muhogo kati ya 60 ina majani machanga yaliyokunjamana, yenye mabaka ya manjano. Mbegu: ilitoka kwa jirani, jina halijulikani. Kilichofanywa: miche 9 iling’olewa na kuchomwa. Matokeo: bado. Kutazama tena: 12 Juni.

Angalieni neno “bado”. Watu wengi huandika walichofanya wakasahau kuandika kilichotokea. Daftari lisilo na matokeo ni orodha ya matumaini. Siku ya kutazama tena ndiyo nguzo ya daftari lote.

Angalieni pia “jina halijulikani”. Ni afadhali mara mia kuandika hivyo kuliko kubahatisha jina. Jina la kubahatisha likiingia katika daftari, mwaka wa pili litasomwa kama kweli, na mwaka wa tatu mashine italirudia kama kweli.

Mvua nayo ipimwe. Kopo lenye kuta zilizonyoka na rula ya mtoto wa shule vyatosha kwa kuanzia. Liwekwe mahali peupe, mbali na miti na mapaa, lisomwe kila siku asubuhi, kisha limwagwe. Milimita moja ya mvua ni lita moja katika kila mita moja ya mraba, na kwa kuwa ekari moja ni kama mita 4,047 za mraba, milimita 25 ni zaidi ya lita 100,000 juu ya ekari moja. Mkiwa na hesabu hiyo kwa misimu mitatu, masika na vuli, mtakuwa na kitu ambacho hakuna mashine iliyo nacho: mvua ya shamba lenu wenyewe.

HATUA YA NNE: WAENDEENI WENYE KUJUA

Upande wa Kisauni na wa Changamwe mji unapanuka kila mwaka, na mashamba hugeuka kuwa viwanja. Likoni nako vivyo hivyo. Katika mradi wa makazi wa Waitiki, ulio katika ardhi ya ekari 930, hati zilitolewa Januari 2016, na watu wengi wana vipande vidogo tu vya kulima. Mwenye kipande kidogo hana nafasi ya kukosea. Naye jirani anayeuza na kuhama huondoka na yote ayajuayo juu ya udongo ule.

Kwa hiyo msingoje. Andikeni majina ya watu watano wanaojua zaidi, muwaendee kabla ya msimu kwisha. Msiwaketishe ofisini na karatasi ya maswali. Tembeeni nao shambani. Mtu akiuona mti hukumbuka mambo ambayo hakuyakumbuka akiwa kitini. Mwulizeni: “Hapa palikuwa na nini zamani? Mwaka wa ukame mlifanyaje? Ni nini kilichowahi kukushangaza?” Akikubali, sauti yake irekodiwe kwa simu, kisha yaandikwe yaliyo muhimu, na mwisho asomewe mwenyewe aseme kama ndivyo.

Maneno ya mzee yaheshimiwe, lakini yajaribiwe pia. Ikiwa wazee wawili wanatofautiana, yaandikwe yote mawili, kila moja na jina la msemaji, na kisha vipande viwili vidogo vilimwe kwa njia zote mbili.

HATUA YA TANO: NAKALA MOJA YA KWELI, NA YALIYOPITWA YAONDOLEWE

Sasa yaliyomo daftarini yaingizwe katika simu au kompyuta ya chama. Hapa pana hatari kubwa ya nakala nyingi. Mtu huyu ana orodha ya bei ya mwaka jana, yule ana ya mwaka huu, na wote wawili husema, “Hii ndiyo.” Chagueni mahali pamoja pa nakala ya kweli. Kila ukurasa uwe na tarehe na jina la aliyeuandika. Ukurasa uliopitwa na wakati uondolewe, uwekwe pembeni ukiwa na maandishi makubwa: UMEPITWA.

Jambo hili ni la lazima zaidi kwa madawa. Bodi ya kudhibiti dawa za wadudu na magugu huweza kuondoa dawa sokoni, na mwaka 2025 dawa kadhaa ziliondolewa nchini Kenya. Kijitabu cha zamani chaweza kusifu dawa ambayo leo hairuhusiwi. Mashine iliyosoma vijitabu vya zamani itaisifu vilevile, kwa lugha safi na bila kusita. Basi kabla ya kununua dawa yoyote, mwulizeni Bwana Shamba au Bibi Shamba kama dawa hiyo ingali imesajiliwa.

Daftari la karatasi lisitupwe. Simu huibiwa, huanguka majini kivukoni, na huisha moto siku ya haja.

HATUA YA SITA: SASA IULIZENI MASHINE

Mkiisha kuwa na kurasa zenu, zipeni mashine pamoja na swali. Msiulize, “Nipande muhogo gani?” Ulizeni hivi: “Soma kurasa hizi za daftari letu. Kwa kutumia kurasa hizi tu, ni mbegu ipi iliyozaa bila kuoza upande wa bondeni? Taja ukurasa na tarehe. Kama haimo, sema haimo.” Kisha mfungueni ukurasa uliotajwa mwone kama maneno hayo yamo kweli. Mashine hizi zina tabia ya kutunga jibu zinapokosa, nazo hulitunga kwa sauti ile ile ya uhakika. Msipofungua ukurasa hamtajua.

Jifunzeni pia kuitumia kila mashine kwa kadiri ya uwezo wake. Programu iitwayo Nuru, ya PlantVillage, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na wataalamu wa muhogo, hutambua magonjwa ya muhogo kwa picha za majani, na ilitengenezwa iweze kufanya kazi shambani hata pasipo intaneti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba Nuru ilipatia kwa kadiri ya asilimia 65. Maafisa wa kilimo waliojaribiwa walipatia asilimia 40 hadi 58, na wakulima asilimia 18 hadi 31. Lakini majani yaliyotazamwa yalipofika sita katika mmea mmoja, Nuru ilipatia asilimia 74 hadi 88.

Hesabu hizi zina mafundisho matatu. La kwanza, tusiidharau mashine, maana katika kazi hii ilituzidi. La pili, tusiiamini kwa jani moja. Tuipe majani sita, ya juu na ya chini, kwa sababu batobato huonekana zaidi katika majani machanga na michirizi ya kahawia katika majani yaliyokomaa. La tatu, hata kwa majani sita bado hukosea mara kwa mara. Kwa hiyo kabla ya kung’oa shamba zima, chimbeni mashina mawili matatu mtazame mizizi, kisha mwiteni afisa wa kilimo.

Wekeni kanuni hii ukutani: jibu la mashine likihusu kitu kitakachoingia kinywani, kitakachogusa ngozi, kitakachomwagwa ardhini, au kitakacholipiwa fedha za chama, lisifuatwe mpaka mtu mwenye ujuzi amelitazama na kutia sahihi.

HATUA YA SABA: MATOKEO YARUDI DAFTARINI

Mkiisha kufuata shauri, liwe la mashine au la mtu, matokeo yaandikwe: tuliuliza nini, tulijibiwa nini, tulifanya nini, kikatokea nini. Shauri lililokosea liandikwe kwa uwazi bila kumtia mtu aibu, kwa maana kosa lililoandikwa huokoa mashamba mengine, na kosa lililofichwa hurudi. Kwa njia hii daftari litanenepa kila msimu, na kila msimu majibu ya mashine yatakaribia zaidi hali ya skimu yenu.

YASIYOPASA KUINGIZWA

Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Habari za mtu ni zake, na chama ni mlinzi tu. Kwa hiyo nambari za vitambulisho, nambari za simu, nambari za hati za ardhi, deni la mwanachama na ugonjwa wa mtu wa nyumbani kwake visiingizwe katika mashine ya kuuliza maswali. Uliyoiandikia mashine hiyo yamekwisha toka mikononi mwako, yamehifadhiwa mahali usipopajua. Katika kurasa za kupewa mashine, tumieni nambari ya shamba iliyotolewa na chama, mahali pa jina la mtu.

Ardhi ya skimu ina wenye kuitamani. Orodha kamili yenye majina, vipande na madeni ni kitu cha hatari ikiangukia mikono isiyofaa. Orodha hiyo ikae katika sanduku lenye kufuli.

Na maarifa ya dawa za miti aliyonayo mzee au bibi yasiandikwe wala kutangazwa pasipo idhini yake. Akikataa, amekataa.

MTAJUAJE KWAMBA MPANGO WAENDA VIZURI?

Msihesabu kurasa. Hesabuni mambo haya kila miezi mitatu: ni maswali mangapi kati ya yale kumi yanayoweza kujibiwa kwa daftari? Ni tarehe ngapi za kutazama tena zilizotimizwa? Ni makosa mangapi yaliyosahihishwa? Mwanachama mpya akija, je, aweza kujifunza habari za kipande chake katika siku moja, bila kumtafuta mtu aliyehama? Ikiwa jibu la swali hili la mwisho ni ndiyo, mpango wenu umesimama.

Gharama ya kuanzia ni ndogo: daftari moja kubwa, kalamu, kopo, rula, na dakika 15 katika kila mkutano wa mwezi. Anzeni na zao moja kwa msimu mmoja. Muhogo wafaa sana, maana kila shamba unao. Mkimaliza msimu, ongezeni zao la pili.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mashine haijui shamba lenu mpaka ninyi mlijue na kuliandika.
2. Andikeni majina yote ya mmea mmoja pamoja.
3. Kila jambo liwe na tarehe, aliyeona, na siku ya kutazama tena.
4. “Hatujui” ni neno zuri la kuandika.
5. Fungueni ukurasa uliotajwa na mashine kabla ya kuamini.
6. Jani moja halitoshi. Tumieni majani sita, kisha chimbeni.
7. Siri za wanachama zisiingizwe katika mashine.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Tajeni watu watatu wa skimu yenu ambao wakihama kesho chama kitapata hasara. Ni nini wanachokijua? Nani atawaendea, na lini?
2. Ni mmea gani au mdudu gani aliye na majina zaidi ya mawili katika skimu yenu? Yaandikeni yote sasa hivi.
3. Karatasi za chama ziko wapi leo? Mvua ikivuja usiku huu, zitasalimika?
4. Ni shauri gani mlilofuata msimu uliopita bila kuandika matokeo yake? Je, mnayakumbuka sawasawa, au mnabishana?

KAZI YA MWEZI HUU

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama aende katika muhogo wake, atazame miche 20, aandike mingapi ina dalili za ugonjwa, na mbegu hiyo ilitoka kwa nani. Mtunzaji azikusanye habari hizo katika ukurasa mmoja wenye tarehe. Huo utakuwa ukurasa wa kwanza wa daftari lenu. Mpelekeeni Bwana Shamba nakala yake atakapopita, naye atawaambia ni vipando vipi vya kuacha na vipi vya kupanda tena.